Uzi Usiorudiwa

Barua ya maabara ilikuja imekunjwa mara nne,
na katikati yake tarakimu moja: mbili.
Si sifuri. Si tatu. Mbili, na kimsalaba pembeni
kama mshono ulioachwa na mtu aliyeitwa chakula.

Mimi ni fundi wa kofia za vito, hapa Mkomani,
mwaka wa thelathini na moja nahesabu matundu.
Niulize tundu lililoshonwa na lililopitiwa uzi tu,
nitakwambia nikiwa nimefumba jicho moja.
Kwa hiyo Daktari Kahindi alipochora, nilimwelewa.
"Hii ni seli," duara, nyuma ya kadi ya kliniki.
"Tukiitia rangi, tunatazama ukingo.
Kahawia iliyokoza pande zote ni tatu: dawa ina pa kushika.
Pasipo rangi ni sifuri: dawa itapita kama mgeni asiyejua nyumba,
ale nauli yako bure na akuchoshe moyo.
Wako umezunguka, lakini hafifu."

Uzi umepita mara moja, nikasema. Haujarudiwa.
Akaacha kuandika.
"Ndivyo," akasema. "Haujarudiwa."

Dada yangu Somoye hakuchorewa duara.
Mwaka ule saratani ilikuwa neno moja,
na dawa moja, ile nyekundu,
na sisi tukishika beseni kwa zamu.
Hata leo sijui ugonjwa wake uliitwaje kwa jina la nyumbani.

Basi kipande changu, kidogo kuliko punje ya mchele,
kilizamishwa ndani ya nta,
kikavuka Mokowe, kikapanda basi, kikafika Nairobi.
Mimi mwenyewe Nairobi sijafika.
Huko watahesabu jeni zenyewe, gizani,
vidoa vyekundu kwa vidoa vya kijani.
Vyekundu vikizidi sana, dawa imepata mpini.

Wiki tatu na siku mbili.
Nikajikuta naomba dua isiyo na adabu:
Ya Rabi, uwe mkali.
Maana wenye vyekundu vingi ndio mkali,
hukimbia, hauna subira,
na ndio uliokatiwa dawa kwa kipimo chake.
Nani huomba nyoka awe na sumu
kwa kuwa sumu hiyo ndiyo yenye dawa dukani?
Mimi. Baada ya alfajiri, kabla ya kushika sindano.

Simu ililia Jumanne, nikiwa na Bi Rukia Famau,
tuliyejuana kwenye benchi la kliniki.
Barua yake yeye ilikuwa hakuna, hakuna, hakuna:
kila walipotia rangi, ukingo ulibaki mweupe.
Yuko kwenye ile nyekundu ya Somoye, na nyingine juu yake.

"Vyekundu kumi na moja kwa viwili vya kijani," Kahindi akasema.
"Imezidi. Dawa yaweza kukufaa.
Huenda, Mama, wanisikia? Huenda.
Alama hubashiri, haiweki rehani.
Mara kumi na nane, kila baada ya wiki tatu,
na moyo tutaupima."

Mkwe wangu hakungoja huenda. Alipiga kigelegele,
na uchochoro mzima ukajibu, wakidhani ni posa.
Vigelegele vya ugonjwa mkali!
Nikacheka, nikaona haya, nikamtazama Bi Rukia.
Alikuwa bado ameshika kikombe, mtandio umeteleza kichwani.
Akakiweka chini, polepole,
akainua kiganja mdomoni,
na chake ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote.

Halafu akauliza kama chai imebaki.
Nikammiminia. Mkono ulinitetemeka,
tone likaangukia kofia ya bwana harusi wa Ijumaa,
likazunguka tundu moja, kahawia, pande zote.
Nilikaa nikilitazama.

"Lifue hilo," Bi Rukia akasema, "litaganda."